Vifua Mia Tatu Sitini na Moja

Kwa mujibu wa Daftari jipya, mwanamume mmoja wa Ikundilo aitwaye Lwitiko Sanga alitakiwa kuvuta pumzi moja kila baada ya sekunde arobaini na saba.

Tusekile Mwakalobo aliusoma mstari huo mara tatu. Akapangusa kioo kwa kiganja, kana kwamba kosa lilikuwa vumbi. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, ukungu wa Njombe bado umeganda madirishani, na ghorofa nzima ya mitambo ilikuwa na furaha ya watu waliomaliza kazi kubwa. Jana jioni walikuwa wamehamishia Daftari jipya namba za kanda ya mwisho, kanda ya Ikundilo, watu elfu kumi na moja na mia sita. Mtu fulani alikuwa ameshaagiza keki.

Mtu anayevuta pumzi moja kila sekunde arobaini na saba ni maiti ambaye hajapewa taarifa. Lakini Bwana Sanga alikuwa bado mzima. Mpaka saa sita mchana angeendelea kuwa mzima, kwa sababu saa sita ndipo Daftari lilipozungumza.

Kila siku, saa sita kamili, Daftari lilimpelekea kila mgonjwa namba yake. Namba ilipokewa na mlinzi, kidude cha ukubwa wa punje ya haragwe kilichofukiwa chini ya mfupa wa bega la kushoto, ambacho kazi yake ilikuwa kuyakumbusha mapafu kazi yaliyoisahau tangu ile homa ipite. Wagonjwa walikuwa milioni mbili nchi nzima. Mlinzi aliishika namba kwa siku moja na saa moja. Asipopata nyingine, alinyamaza, na mwenye kifua akanyamaza naye. Waliomtengeneza waliona ni salama zaidi anyamaze kuliko aseme uongo, na wenyewe hawapo tena duniani wapate kulaumiwa.

Bila kukusudia, Tusekile aligusa chini ya bega lake la kushoto. Kidude kilikuwa palepale, kigumu chini ya ngozi.

"Mzee Ngailo," akaita. "Njoo unitazamie kitu."

Mzee Ngailo alikuja na birika mkononi. Alikuwa mgeni pale. Kwa miaka thelathini alikuwa mkuu wa kituo cha Ikundilo, akiutunza mtambo wa zamani ambao yeye na wenzake waliuita Bibi, na sasa Bibi alipostaafishwa, na yeye alistaafishwa naye. Walimwita aje kushuhudia makabidhiano tu. Lakini hakujua kukaa bure, kwa hiyo tangu jana alikuwa anawachemshia watu chai.

Aliinama, akavaa miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. "Lwitiko! Huyu namjua, anaimba besi kwenye kwaya yetu." Kisha akakunja uso. "Mbona kakaa kinyume? Huyu si tulishamgeuza?"

"Mlishamfanya nini?"

"Tulimgeuza." Alitabasamu kama mtu anayesubiri kushukuriwa. "Tulisikia mtambo wenu unazisoma namba kuanzia upande mwingine. Sasa wiki ile ya mwisho, kabla nakala ya kuwaletea haijafungwa, tukasema, tutamwachiaje mwenzetu kazi yote hiyo? Tukawageuzieni mapema humo kwenye nakala, mwanangu."

Tusekile alifungua kigeuzi, programu aliyoiandika mwenyewe ya kupindua namba za Bibi.

Suala lenyewe ni dogo hata mtoto wa shule analielewa. Chukua thelathini na saba. Bibi aliandika tatu kwanza, kisha saba. Alianzia upande mkubwa. Mtambo mpya ulianzia upande mdogo, saba kwanza, kisha tatu. Namba ni ileile, mradi msomaji ajue pa kuanzia. Asipojua, thelathini na saba inageuka sabini na tatu, na hakuna kengele itakayolia, kwa kuwa sabini na tatu nayo ni namba halali. Namba za vifua zilikaa katika baiti mbili, yaani tarakimu mbili kubwa za lugha ya mtambo, si tarakimu zetu za karatasini, na jana usiku kigeuzi cha Tusekile kilizipindua baiti za watu wote wa Ikundilo, mmoja mmoja, bila kumruka mtu. Aliyekuwa amegeuzwa tayari, kigeuzi kilimgeuza tena.

"Mliwageuza wote?" akauliza. Alikuwa anaomba moyoni mzee aseme ndiyo.

"Wapi! Tulikuwa watatu tu, mimi, Skolastika na marehemu Mtega. Tulifika nusu hivi."

"Nusu ipi? Orodha iko wapi?"

Mzee Ngailo aliweka birika chini. Ilionekana ndipo alipoanza kuelewa. "Hatukuandika orodha. Tulianza na wale tunaowajua," akasema. "Majirani. Wanakwaya. Kila mtu na watu wake. Tulitaka wao wasije wakapata matatizo."

Tusekile alishindwa kumkasirikia, na hilo lilimwumiza zaidi. Alikulia Ikundilo. Mama yake alifagia kituo kile, na yeye mwenyewe aliona kwa macho yake kwamba katika miaka yote hiyo hakuna zamu iliyowaachia wenzao birika tupu. Zamu iliyotoka ilifagia, ikachemsha maji, ikapanga vikombe, ndipo ikaenda nyumbani. Waligeuza namba za watu kwa moyo uleule waliojazia birika.

"Tufungue nakala ya Bibi tulinganishe," mzee akasema, kisha akakumbuka mwenyewe. Nakala ya Bibi haikuwepo. Sheria ilikataza namba ya kifua kulala katika nyumba mbili, isije ikaibwa. Siku nakala ilipofungwa, tepu za Bibi zilitiwa tanuruni mbele ya mashahidi, na sahihi ya kwanza kwenye hati ilikuwa ya Ngailo. Mlinzi naye alisikia tu, hakujibu. Hakuna aliyeruhusiwa kukihoji kifua cha mtu kutoka mbali.

Ngailo aliketi juu ya kasha la nyaya, miwani mkononi, akaonekana mzee kweli.

*

Wengi waliokoka upesi. Tusekile aliandika amri ya mistari sita: yeyote ambaye namba yake haiwezekani kwa binadamu, apinduliwe. Lwitiko Sanga akarudi kwenye pumzi moja kila sekunde tatu, na pamoja naye watu elfu tano na kitu, chini ya dakika moja. Chumba kizima kikashusha pumzi.

Kisha akauuliza mtambo swali la pili, ambalo alikuwa analikwepa. Ni wangapi ambao namba zao, zikisomwa huku au zikisomwa kule, zote mbili zinafaa kwa binadamu?

Mtambo ukajibu: mia tatu sitini na moja.

Alichapisha majina. Karatasi zilitoka zikiwa na joto. Mmoja alikuwa na 3,088, yaani milisekunde kati ya pumzi na pumzi, ambayo ikipinduliwa ni 4,108. Mwingine 2,835, ambayo ikipinduliwa ni 4,875. Yaani pumzi ishirini na moja kwa dakika au kumi na mbili. Hakuna amri ya mistari sita ya kutenganisha hizo. Na anayehitaji ishirini na moja akipewa kumi na mbili, hapigi kelele. Hewa chafu humbakia damuni. Kichwa kinamuuma kidogo, anasinzia baada ya chakula cha mchana, na watu wa nyumbani wanafunga mlango polepole wasimsumbue.

Kwenye karatasi ya mwisho, mstari wa chini kabisa, Tusekile alikuta jina lake mwenyewe. Daftari lilisema 4,875.

Alikunja karatasi ile mara mbili, akaiweka chini ya nyingine. Hakumwambia mtu.

Mkurugenzi, Mama Sekunda Mgaya, alifika dakika tano baadaye, bado ana koti la baridi. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mia tatu sitini na moja katika milioni mbili," akasema. "Tukiacha zilivyo?"

"Karibu nusu zitakuwa za uongo, mama."

"Tukiwapa namba ya katikati?"

"Hawa ni wagonjwa. Daktari akikosea kidogo tu mtu analazwa. Ya katikati itakosea kwa wote."

"Tukiahirisha?"

"Saa saba walinzi wao watanyamaza."

Mkurugenzi alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo.

"Basi tuwatangazie," Tusekile akasema. "Redioni. Kila mmoja ajijue."

"Umesahau Lyamwela?"

Hakuna aliyesahau Lyamwela. Mwaka juzi ulivuma uvumi mjini pale kwamba Daftari limekufa. Watu walikimbilia hospitali, wakakanyagana getini, na watu wenye mapafu ya kukumbushwa hawakuumbwa kwa mbio. Walikufa thelathini na mmoja. Daftari lilikuwa zima.

"Skolastika alikuwa anawahesabu," Mzee Ngailo akasema kutoka kwenye kasha lake. Sauti ilikuwa ndogo. "Zamani, mlinzi akisumbua. Anakaa na mgonjwa, saa mkononi, anatazama kifua kinavyopanda. Namba ya jana, ya Bibi, bado imo vifuani mwao. Haihitaji mtambo."

Tusekile aligeuka. Kumi na mbili au ishirini na moja, kumi na nne au kumi na tisa. Hata mtu asiyejua kusoma angeweza kutofautisha. Watu saba wapo chumbani, kila mmoja ana simu, kila mmoja majina hamsini na kitu. Muda ungetosha kwa shida, lakini ungetosha.

"Tunawapigia," akasema. "Tunawaeleza ukweli, mtu wa nyumbani anahesabu, anatupa..."

"Ukimweleza, atatulia?" mzee akauliza.

Mlinzi huweka kiwango cha chini tu. Mtu akikimbia, akilia, akiogopa, mwili huongeza pumzi zake juu ya hizo. Mtu aliyeambiwa kwamba namba yake imepotea atahema kama aliyepanda mlima, na hesabu yake itakuwa ya hofu, si ya mlinzi. Ili kupata namba ya kweli ilibidi wamdanganye kila mmoja.

"Mnaona sasa," Mkurugenzi akasema. "Waambieni ni ukaguzi wa kawaida."

"Halafu baada ya saa sita tunawaambia ukweli," Tusekile akasema. "Tukikosea hata mmoja, lazima nyumbani wajue usingizi wa namna gani wa kuutilia shaka."

"Tutaona."

"Mama, naomba uniahidi."

"Piga simu, Tusekile. Muda unakwenda."

*

Wa kwanza kwenye karatasi yake alikuwa Anyosisye Kyando, miaka sitini na minne. Alipokea mkewe.

"Shikamoo, mama. Naitwa Tusekile, napiga kutoka Daftari."

"Marahaba. Kuna nini?" Haraka hivyo. Sauti yake tayari ilikuwa imesimama wima.

"Hakuna kitu, mama. Ukaguzi wa kawaida tu, wa kila mwaka." Alishangaa jinsi uongo ulivyomtoka laini. "Baba yupo?"

"Yupo, kakaa hapo nje anaota jua. Hana kazi nyingine huyo."

"Nasikia!" mwanamume akasema kwa mbali.

"Usimwambie kitu. Mtazame tu kifua, kikipanda hesabu moja. Nitakwambia anza, na nitakwambia basi."

"Ngoja nichukue punje za mahindi, nisije nikasahau nimefika wapi."

Dakika ile ilikuwa ndefu. Tusekile alisikia kuku, na punje zikidondoka kwenye sahani ya bati, moja, na nyingine, na nyingine. Alibana simu mpaka sikio likamuuma.

"Basi, mama. Ngapi?"

"Kumi na tisa. Nizihesabu tena?"

Daftari lilisema kumi na nne. Aliibadilisha. "Hapana, mama. Asante sana. Mnaendelea vizuri."

"Mungu akubariki, mwanangu, kwa kutukumbuka."

Maneno hayo alikuja kuyasikia mara nyingine nyingi asubuhi ile. Mwalimu mmoja alimkatalia katakata mpaka ampe namba ya kitambulisho. Kijana wa duka la vipuri alitaka kujua kama kuna zawadi. Kikongwe mmoja aliishi peke yake, na Tusekile alilazimika kumshawishi aweke kiganja kifuani na ajihesabu mwenyewe, na bibi yule akawa anapitiwa na usingizi katikati, na kila alipokawia kutaja namba inayofuata Tusekile alisimama kitini bila kujua. Nyumba mbili hazikupokea. Mzee Ngailo alimpigia mwenyekiti wa kitongoji, akamtuma mtu kwa pikipiki. Mzee alifanya kazi kama mwenye deni la roho. Watu walimtambua kwa sauti, wakamsalimia kwa jina, wakamuuliza habari za kustaafu, na akawadanganya wote huku machozi yanamdondoka kwenye karatasi.

Hofu haikupungua kadiri majina yalivyopungua. Iliongezeka. Saa tano na nusu walibaki arobaini. Saa sita kasoro robo walibaki tisa. Wale tisa waligombaniwa na watu saba.

Saa sita kasoro dakika nane, Mkurugenzi aliinua mkono. "Nani amebaki?"

Watu wakatazamana. "Mia tatu na sitini," mmoja akasema. "Amepungua mmoja."

"Ni mimi," Tusekile akasema, na akaikunjua ile karatasi.

*

Mkurugenzi akamvutia kiti mwenyewe, kwa mkono wake. "Kaa. Kaa chini, mwanangu. Mzee, mhesabu."

Alikaa. Mzee Ngailo akapiga magoti mbele yake, saa mkononi, na baada ya nusu dakika akatikisa kichwa.

"Unahema. Nimeshafika kumi na sita. Tulia."

"Siwezi."

"Fumba macho."

Alifumba. Gizani aliona punje za mahindi zikidondoka kwenye sahani. Asubuhi nzima alikuwa amewaficha watu mia tatu na sitini jambo moja, na jambo lenyewe alilijua yeye. Yeye peke yake kwenye orodha nzima hakuwa na mtu wa kumdanganya. Alijaribu kupumua polepole, lakini pumzi ya kulazimisha haikuwa namba ya mtu yeyote. Kumi na mbili au ishirini na moja. Alifikiria kusinzia leo baada ya chakula, mlango ukifungwa polepole.

"Zimebaki dakika sita," mtu akasema, na mwingine akamnyamazisha.

Mzee Ngailo alicheka ghafla. Kilikuwa kicheko kidogo cha mtu aliyekumbuka kitu.

"Ee, mzee mimi kweli nimechoka! Tuse, yako si niliigeuza mimi? Ya kwanza kabisa! Skolastika aliuliza tuanze na nani, nikamwambia tuanze na binti wa Mama Mwakalobo, yule aliyekuwa anakuja na mama yake akilala kwenye lile benchi karibu na Bibi. Nakumbuka kama jana."

Tusekile alifumbua macho. "Kweli, baba?"

"Sasa nikudanganye?"

"Kwa hiyo Daftari limekosea. Mimi ni ishirini na moja."

"Ishirini na moja. Ngoja niiandike vizuri, macho yangu haya. Wewe pumzika tu, kazi imekwisha."

Kitu kilimlegea kuanzia mabegani mpaka magotini. Alikuwa wa kwanza. Kati ya watu wote wa Ikundilo walianza na yeye, mtoto wa mfagizi. Aliegemea kiti, akalitazama dirisha, ukungu ulikuwa umeondoka na chai kwenye vilima ilikuwa inang'aa. Alikumbuka harufu ya lile benchi. Hakufikiria kitu kwa muda ambao hakuupima. Mzee alikuwa bado amepiga magoti, kalamu mkononi, anaandika taratibu mno.

Kisha mzee akainuka kwa shida, akaenda kwenye meza, akatazama namba iliyopo, na hakuibadilisha.

"Kumi na mbili," akamwambia Mkurugenzi. "Daftari liko sawa."

Tusekile alimtazama. Mzee hakuwa anaandika; alikuwa anamhesabu. Namba yake haikuwa imegeuzwa Ikundilo na mtu yeyote.

"Sikukumbuka, mwanangu," Mzee Ngailo akasema, hamtazami usoni. "Nimejaribu asubuhi nzima kukumbuka kama nilikugeuza au sikukugeuza. Nisamehe."

Saa ya ukutani ikagonga sita. Kwenye kioo mstari wa kijani ulianza kupanda, milioni mbili, na Tusekile akabaki ameshika bega lake la kushoto, akiisubiri pumzi inayofuata kama mtu anayesubiri hukumu. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Nne. Ilikuja, nzito na ya polepole, ya kwake. Ikaja na ya pili.

Watu walikumbatiana. Mtu akafungua ile keki. Mkurugenzi alizunguka meza zote akikusanya karatasi za majina, akafika kwake akanyoosha mkono. Macho yake yalikuwa mekundu, na Tusekile aliona kwamba naye aliogopa asubuhi nzima.

"Tumeshinda, Tusekile. Nipe nizichome. Wamelala salama, tusiwaamshe."

Alitazama karatasi yake. Kulikuwa na majina ambayo hakuwa na uhakika nayo. Yule kikongwe aliyesinzia. Yule mwalimu aliyepandisha hasira kabla ya kuhesabiwa. Alikumbuka raha aliyoipata dakika chache zilizopita kwenye kiti hiki hiki, jinsi ilivyokuwa tamu, na jinsi ilivyokuwa si ya kweli, na jinsi asingejua kamwe kama mzee asingemwambia.

"Mama, siwezi," akasema.

"Ukipiga simu hiyo, hesabu kwamba huna kazi."

"Nimehesabu."

Mzee Ngailo alikuja akaketi kando yake. Akamjazia kikombe chai, akakisogeza karibu na mkono wake, kisha akavuta simu ya pili. Kwa kidole Tusekile alifuata majina mpaka juu kabisa ya karatasi, akabonyeza namba.

Ililia mara mbili.

"Ni wewe tena, mwanangu?" mke wa Kyando akasema, mchangamfu. "Baba yako kala, sasa hivi kajilaza. Mmesahau kitu?"

"Mama," Tusekile akasema, "asubuhi nilikudanganya."

Upande wa pili kuku walikuwa bado wanalia. Mwanamke alisikika akiiweka simu chini, miguu yake ikienda mbio sakafuni, mlango ukifunguliwa, kisha kimya. Ndani ya kimya kile, kwa mbali sana, mwanamume mmoja alivuta pumzi.

Tusekile akafumba macho, akaanza kuhesabu.